Fundi wa Betri Anajibu: Rangi, kotingi na joto la betri

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja na kitu kimoja, kupaka. Kuna watu wanauziwa makopo ya rangi "inayotoa joto", wengine wanaambiwa gari limewekwa kotingi ya nano, yaani tabaka jembamba la kupakwa, wengine wanataka kufungua betri wapake wenyewe nyumbani. Nimechagua chache, na nimeandika kirefu pale ambapo naona mtu anaweza kuumia au kupoteza pesa yake.

Fundi, naendesha boda ya umeme, ni yangu mwenyewe si ile ya kubadilisha betri stesheni. Kila siku natoka Changamwe mpaka Mariakani. Nikipanda Mazeras na abiria wawili betri inapata moto, nguvu inakatwa, pikipiki inatambaa tu. Kuna jamaa anasema atafungua betri apake seli zote rangi ya grafaiti ili joto litoke, anataka elfu nne. Nimpe?
*Mwanaboda, Changamwe*

Usimpe, kaka, na kama ameshaichukua hiyo betri kaifuate leo hii.

Grafaiti, ile kaboni nyeusi ya kwenye penseli, inapitisha joto vizuri, hapo hajakudanganya, shida ni kwamba inapitisha na umeme. Chukua seli moja ya duara, zile zinazoitwa 18650 manake upana milimita 18 na urefu milimita 65, uiangalie upande wa juu. Ukiondoa ile plastiki ya rangi iliyovishwa, chuma chote unachokiona ni hasi, chini, ubavuni, mpaka juu kwenye ule ukingo uliokunjwa kwa ndani. Chanya ni kile kifuniko cha katikati peke yake, na kati yake na ukingo kuna pete nyembamba ya plastiki, nafasi yenyewe kama milimita moja hivi. Sasa mtu anakuja na brashi na rangi inayopitisha umeme, mkono ukiteleza kidogo tu pale umeshaunga chanya na hasi, na kwenye betri yako kuna seli mia na zaidi, atateleza mara ngapi? Alafu zile seli zilizofungwa mfululizo miili yake iko kwenye volti tofauti, ukizipaka zote rangi ya grafaiti zikagusana ubavuni umezishoti upya kwa njia ambayo hakuna fyuzi inaiona. Na mbaya zaidi shoti ya namna hii si lazima ilipuke siku ile ile. Inaweza kukaa inanyonya chaji taratibu, kundi moja la seli linashuka kuliko wenzake, ile bodi ya BMS inayolinda na kusawazisha seli inahangaika nalo, wewe unaona tu betri imeanza kuisha haraka, na joto linazidi sehemu moja usiku wakati umeichomeka chaji na umelala.

Sasa tuje kwa joto lenyewe linatoka wapi, kwa sababu hapo ndo dawa ilipo. Kila betri ina ukinzani wa ndani, na joto linapanda kwa mraba wa ampea. Tuseme betri yako nzima ina ukinzani wa omu 0.05. Kwenye tambarare unavuta ampea 30, joto ni wati 45, hata hulisikii. Ukianza kupanda Mazeras na watu wawili nyuma unavuta ampea 80, joto linakuwa wati 320. Ampea hazijafika hata mara tatu, lakini joto limepanda mara saba. Na nguvu ikikatwa ujue BMS inafanya kazi yake, seli nyingi za lithiamu mwisho wake wakati wa kutumika ni nyuzi 60, ukipita hapo unazichoma maisha. Kwa hiyo mtu akikwambia atatoa hiyo kinga ili "pikipiki isikate", mkimbie huyo kuliko hata yule wa grafaiti.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, seli ya duara haitoi joto sawa kila upande. Ndani kuna karatasi ndefu za shaba na alumini zimeviringishwa pamoja na plastiki katikati yake. Joto likifuata urefu wa zile karatasi linapita kirahisi, likitaka kutoka ubavuni lazima livuke plastiki na majimaji tabaka baada ya tabaka, na huko linapita kwa shida mara ishirini hivi au zaidi. Ndo maana baadhi ya viwanda vinatoa joto kupitia kitako cha seli au vichwani. Kupaka ubavu hata kwa rangi iliyo salama faida yake ni ndogo.

Na hata ukilitoa kwenye seli, linaenda wapi? Fikiria foleni ya feri Likoni, unaweza kupanua barabara ya kuingilia uweke lami mpya, kama feri ni ile ile moja watu watasubiri tu. Kotingi ni barabara. Feri yako ni lile sanduku la nje na upepo unaolipiga, na sanduku la boda nyingi limefungwa kabisa, ndani kuna hewa iliyosimama, na hewa iliyosimama ni kati ya vitu vibovu kabisa vya kupitisha joto.

Fanya hivi. Abiria mmoja, sheria yenyewe inasema mmoja. Upepo wa tairi uwe sawa maana tairi laini linaongeza ampea bure. Mpando uupande kwa mwendo wa wastani usifungue msuli wote. Safisha matope kwenye sanduku la betri na uondoe lile turubai ulilolifunga, najua wengi mnafunga. Kagua plagi kubwa ya betri ukishafika juu, iguse kwa nyuma ya mkono ukiwa umezima: plagi ikiwa ya moto kuliko betri yenyewe basi mguso umelegea au umeungua, na hiyo ni kazi ya fundi wa kweli na bei yake ni ndogo. Ukifika Mariakani usichomeke chaji hapo hapo, subiri betri ipoe. Seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na wewe huenda umefika na 55.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo cha ufundi Arusha. Projekti yangu ni kotingi ya kupooza betri ya pikipiki. Nimesoma kwamba boroni naitraidi inapitisha joto wati 300, nataka kuichanganya kwenye epoksi nipake. Lakini pia nasoma kwamba betri zinapakwa kaboni ndani. Nachanganyikiwa, moja inazuia umeme nyingine inapitisha, ipi ni sahihi?
*Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba mwanangu. Zote mbili ni sahihi, ila zina kazi tofauti kabisa, na umeuliza swali ambalo hata waliomaliza chuo wanalikoroga.

Anza na hili. Kwenye metali, elektroni zile zile zinazobeba umeme ndo zinabeba na joto, ndo maana shaba ni hodari kwa vyote viwili. Lakini joto lina njia ya pili, mtikisiko wa atomu zenyewe, atomu moja ikitikisika inamsukuma jirani. Kitu kikiwa na fuwele ngumu iliyojipanga vizuri mtikisiko unasafiri haraka sana bila elektroni hata moja kusogea. Almasi inapitisha joto mara tano hivi ya shaba, na umeme haipitishi. Boroni naitraidi iko kwenye ukoo huo, na alumina (oksidi ya alumini) pia ingawa alumina iko chini, kwenye wati 30 hivi kwa mita kwa digrii. Kwa hiyo kazi ya nje ya seli, yaani kati ya seli na sanduku au kati ya seli na sahani ya kupooza, unataka kitu kinachopitisha joto na kuzuia umeme. Hapo boroni naitraidi na alumina ndo zenyewe.

Lakini hiyo 300 yako ni ya fuwele, tena kwa upande mmoja, kwa kufuata ubapa wa vile vipande vyake. Hiyo namba si ya rangi. Epoksi tupu, ile gundi yenyewe kabla ya unga, iko kwenye 0.2 kwa kipimo hicho hicho. Ukitia unga kidogo, kila chembe inazungukwa na epoksi kama kisiwa na joto linakwama pale pale. Mpaka unga uwe mwingi kiasi cha chembe kugusana kutoka upande mmoja mpaka wa pili ndo utaona namba inapanda, na hata hapo ukifika moja au mbili kwa mikono ya maabara ya chuo umefanya kazi nzuri, usione aibu kuandika 1.2 kwenye ripoti. Na ukiona kopo dukani limeandikwa namba ya unga kana kwamba ni namba ya rangi, hilo kopo linasema uongo.

Unene nao uupime. Watu wanafikiri tabaka jembamba halina madhara. Piga hesabu: plastiki ya 0.2 yenye unene wa milimita 0.1, ugawanye unene kwa upitishaji, unapata kizuizi kikubwa kuliko milimita nzima ya pesti nzuri ya kupitishia joto yenye 3. Yaani safu ya rangi ya kawaida inaweza kuzuia joto kuliko pesti iliyo nene mara kumi. Weka hiyo hesabu kwenye projekti yako, wakaguzi wataipenda, na pima kabla na baada kwa kipimajoto cha waya kilichobandikwa kwenye seli, usipime kwa kugusa.

Sasa kaboni ya ndani, na hii naipenda sana kwa sababu haitoi joto, inazuia joto lisizaliwe. Ndani ya seli upande wa chanya kuna karatasi ya alumini nyembamba, unene wa maikroni 12 mpaka 16 hivi, juu yake ndo wanapaka ile tope kavu inayohifadhi lithiamu. Pale alumini inapokutana na ile tope mguso si mzuri, chembe zinagusa hapa na pale, na alumini yenyewe ina utando wa oksidi unaozuia umeme. Kila elektroni inayovuka inapoteza nguvu kidogo na hiyo nguvu inakuwa joto. Kwa hiyo baadhi ya viwanda vinapaka kwanza tabaka la kaboni, kama maikroni moja tu kila upande, alafu tope linakuja juu yake. Mguso unakuwa mpana, ukinzani unashuka, na tope linashika vizuri lisibanduke. Kumbuka ile hesabu ya mraba wa ampea niliyompa ndugu wa Changamwe, ukipunguza ukinzani, joto linapungua palepale linapozaliwa, hakuna feni inayokupa hivyo.

Na kuna kaboni nyingine ndani zaidi, kwenye chembe zenyewe. Ile betri ya chuma na fosfeti, LFP, inayotumika kwenye pikipiki na bajaji nyingi sasa, ilielezwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough kule Texas, yule mzee aliyekuja kupata Nobeli ya kemia 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Ilikuwa salama na ya bei nafuu, ila ikipitisha umeme vibaya mno, karibu kama kihami. Kilichoiokoa ni kupaka kila chembe ngozi ya kaboni ya nanomita chache, kazi iliyofanyika Canada mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na kuzifanya chembe ziwe ndogo. Bila hiyo ngozi hakuna boda ya LFP leo. Kwa hiyo kama ukimaliza chuo na unataka kutafuta kitu cha kukisomea zaidi, angalia huko ndani ya seli.

Salaam. Niko Mombasa, nataka kuagiza gari la umeme mtumba kutoka Japani, Nissan Leaf. Muuzaji anasema betri imepigwa kotingi ya nano inayorudisha nguvu na joto la Mombasa haliigusi, ndo maana bei iko juu. Kweli?
*Mnunuzi, Nyali*

Si kweli, na hiyo nyongeza ya bei usiilipe.

Uwezo wa betri ukipungua, kilichotokea kiko ndani. Siku seli inachajiwa mara ya kwanza kiwandani, upande wa hasi unajitengenezea utando mwembamba wenyewe. Huo utando ni wa lazima, unalinda. Lakini joto linaunenepesha, na kila unaponenepa unakula lithiamu iliyokuwa ikikubebea chaji. Lithiamu iliyomezwa humo haitoki kwa kupaka kitu nje ya sanduku, hata kiwe na jina gani. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10 uzee unakwenda karibu mara mbili, si hesabu kamili kwa kila betri lakini inakaribia ukweli, na ndo tofauti ya Nairobi na Mombasa. Leaf iliyolala Ngong usiku na nyuzi 13 na Leaf iliyolala Nyali na nyuzi 26 hazizeeki pamoja.

Gari lenyewe ni zuri, nisikuvunje moyo. Ila ujue historia yake. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 na betri yake haikuwekewa maji ya kupoozea wala feni, joto linatoka lenyewe kupitia sanduku la chuma. Mwaka 2012 wenye magari hayo Phoenix, Arizona, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40, walianza kuona vijistari vya uwezo kwenye dashibodi vinapotea mapema. Viko 12, na cha kwanza kikipotea ujue kama asilimia 15 ya uwezo imeshaondoka. Nissan ikaja kutoa dhamana kwamba betri isishuke chini ya vijistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, alafu kwenye modeli ya 2015 ikabadilisha kemia iwe inavumilia joto zaidi. Leaf mpya kabisa iliyoonyeshwa 2025 ndo imewekewa upoozaji wa maji. Yaani kampuni yenyewe iliyotengeneza, baada ya miaka yote hiyo, haikusema tupake nano. Ilibadilisha kemia, alafu ikaleta maji.

Kwa sheria yetu ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, utakayoagiza itakuwa ni ile ya betri ya kilowati-saa 40 au zaidi, bado haina maji. Kabla hujatuma pesa dai picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, uhesabu vijistari vya uwezo, vile vyembamba vya pembeni, usichanganye na vya chaji. Dai na ripoti ya afya ya betri kutoka kwenye kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa na simu. Muuzaji akikataa hivyo viwili, tafuta mwingine.

Likifika, lichaji usiku wa manane au alfajiri wakati betri imepoa, egesha kivulini, usiliache siku nzima juani likiwa na asilimia 100, maana chaji iliyojaa na joto vikikaa pamoja ndo vinaua zaidi. Ukisafiri wiki mbili liache kwenye nusu. Na usipige fasi chaji mara mbili tatu siku moja ukienda Nairobi, hata hivyo Leaf ya kuanzia 2018 ikipata moto inapunguza yenyewe kasi ya kuchaji, utakaa pale Mtito Andei ukishangaa.

Assalaam aleikum. Mimi Mswahili niko Muscat. Gari langu la umeme lina upoozaji wa maji, halikuwahi kunisumbua hata Julai. Lilipigwa chini na jiwe, gereji moja ikashusha betri ikabadilisha sahani ya chini. Tangu hapo kukiwa na nyuzi 45 nje linatoa onyo la joto na ubaridi wa ndani ya gari unapungua. Gereji inasema ni hali ya hewa.
*Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hali ya hewa ya Muscat haijabadilika mwaka huu, kilichobadilika ni betri kushushwa.

Kwa maelezo yako mimi ningeanza na pesti. Kati ya moduli za betri na ile sahani yenye maji kunakuwa na pesti nzito ya kujaza nafasi, mara nyingi silikoni iliyojazwa unga wa alumina au unga mwingine wa namna hiyo, inapitisha joto na inazuia umeme. Hiyo pesti ikishabanduliwa hairudishwi, inakwanguliwa yote, panasafishwa, panapakwa mpya kwa kipimo cha kiwanda, alafu boliti zinakazwa kwa mpangilio ili isambae. Fundi mwenye haraka anarudisha sahani juu ya pesti ya zamani iliyoraruka, na pale iliporaruka pamebaki hewa. Hewa inapitisha joto 0.026, pesti ya kawaida 2 mpaka 4. Zaidi ya mara sabini. Tofauti ya milimita moja, huioni kwa macho ikishafungwa, lakini moduli iliyo juu ya hewa inapata moto peke yake na gari linasoma ile yenye joto zaidi.

Na hiyo ya ubaridi kupungua inaendana kabisa. Kwenye magari mengi ya namna hii maji ya betri yanapoozwa na gesi ile ile ya kiyoyozi. Betri ikilalamika, kompyuta inaipa betri kwanza, nyie mnapata kilichobaki.

Waambie wasome joto la kila moduli moja moja kwa kompyuta ya gari wakati liko kwenye joto. Moduli moja au mbili zikiwa juu ya wenzake ni pesti au sahani haikukaa. Zikiwa zote juu sawa, basi angalia maji yenyewe, hewa imebaki kwenye mabomba, pampu, au gesi imepungua. Na waulize kama sahani mpya ilikuwa na kotingi ya kuzuia umeme upande wa juu kama ile ya zamani. Hiyo ni muhimu zaidi ya joto. Sahani ni alumini, ikikosa hiyo kotingi na pesti ikiwa imeraruka, kinachobaki kati ya volti mia nne na bodi ya gari ni bahati. Gari likikuletea onyo la hitilafu ya insulesheni (kinga ya umeme usivuje) usiliendeshe, livutwe.

Kaka, mume wangu ana bajaji ya umeme hapa Mbagala, usiku anaingiza betri ndani anaichajia sebuleni karibu na wanangu wanapolala, anafunika na shuka watoto wasiichezee. Inakuwa ya moto. Anasema ni LFP haiwezi kuwaka. Naomba unijibu nimsomee.
*Mama wa watoto watatu, Dar*

Dada yangu, msomee hii yote.

Shemeji, ni kweli LFP inavumilia joto kuliko zile za lithiamu zenye nikeli, inahitaji joto kubwa zaidi ndo ianze kujichoma yenyewe, na ikianza haitoi moto mkali kiasi kile. Lakini "haiwezi" si neno la kutumia. Ule utando wa ndani niliomwelezea ndugu wa Nyali unaanza kuvunjika kwenye nyuzi 90 hivi na kuvunjika kwake kunatoa joto lingine. Ile plastiki ya katikati, kama ni polietilini, inayeyuka kwenye 130. Ikiyeyuka, chanya na hasi vinagusana ndani na hapo betri inajipasha yenyewe hata ukiwa umeshachomoa chaja. Seli nyingine plastiki hiyo hupakwa safu ya alumina isisinyae, ni kinga nzuri sana, lakini wewe kwa nje huwezi kujua yako imepakwa au la. Na LFP hata isipowaka inaweza kutoa moshi mwingi wa gesi inayoshika moto na yenye sumu, kwenye chumba kilichofungwa chenye watoto moshi peke yake unatosha.

Shuka litoke leo. Betri inayochajiwa inatoa joto na wewe unalifungia. Ihamishie kibarazani au mahali penye paa na hewa, juu ya sakafu ya saruji au tofali, mbali na mlango ambao mngeutumia kutoka, mbali na godoro, mapazia na mtungi wa gesi. Irudi kazini ipoe kwanza saa moja hivi ndo uichomeke. Tumia chaja ya betri hiyo hiyo, chaja ya jirani hata kama plagi inaingia inaweza kuwa na volti tofauti, na ukichanganya ya nikeli kwa LFP unaweza kuzidisha chaji. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kushikilia mkono juu yake ukahesabu mpaka kumi, au imevimba, au inatoa harufu tamu tamu ya kemikali kama rangi ya kucha, au inalia kama inachemka, chomoa ukutani kama bado unaifikia, toa watoto nje kwanza, mpigie zimamoto 114. Maji mengi ndo yanasaidia kwa sababu yanapooza, ile mitungi ya unga inazima moto wa juu tu alafu betri inawaka tena baadaye. Lakini hiyo kazi waachie zimamoto, usirudi ndani kwa ajili ya betri.

Boksi la betri yangu ni alumini tupu inang'aa. Nimeambiwa nipake nyeusi joto litoke, mwingine kasema nyeupe. Niko Garissa. Nikipima na bunduki ya joto inanionyesha 34 lakini nikigusa naungua.
*Msomaji, Garissa*

Nyeupe, rangi ya kawaida ya chuma, mikono miwili myembamba, kwa nje tu.

Alumini inayong'aa ni mbovu sana kutoa joto kwa mionzi, inatoa kama sehemu moja ya kumi ya uwezo. Ukiipaka rangi yoyote isiyo ya metali, nyeusi au nyeupe, inapanda mpaka kama tisa ya kumi, kwa sababu joto linatoka kwa miale ambayo macho hayaioni na huko rangi hizi mbili zinafanana. Zinapotofautiana ni kwenye jua. Nyeusi inameza jua lote, nyeupe inarudisha sehemu kubwa. Kwa Garissa hakuna mjadala. Kama boksi liko kivulini muda wote chini ya kiti basi paka yoyote uliyonayo. Usipake ile silva ya kung'aa, itakurudisha ulikotoka.

Na bunduki yako si mbovu. Ni ile tuliyokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona, inasoma mionzi, na alumini inayong'aa haitoi mionzi yake vya kutosha, inarudisha ya vitu vilivyo karibu, kwa hiyo unasoma joto la ukuta ulio mbele yake. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya boksi, subiri dakika tano kishike joto, piga bunduki kwenye tepu. Ikikuonyesha zaidi ya 50 kwa nje baada ya safari, ndani ni zaidi, usichaji mpaka ishuke. Pima siku moja kabla ya kupaka na siku moja baada ya kupaka, safari ile ile, saa ile ile, alafu niandikie namba zote mbili pamoja na joto la hewa la siku hizo, nitazichapisha hapa maana wa Wajir na Lodwar wameuliza kitu hicho hicho.